Maji yanabingirika juu, kutu inakula chini: uzi wa mipako ya kukinga chuma

Mzee wa Msasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Huu uzi niliuahidi siku nyingi, leo nimepata nafasi. Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Kuna mwaka nilipulizia geti dawa ya kopo, ile inayofanya maji yakimbie kama yamefukuzwa. Nikamwaga ndoo nzima, geti likabaki kavu. Nikapiga video, nikawarushia ndugu na jamaa, nikajiona nimemaliza ufundi. Miezi minane baadaye nikapitisha ukucha kona ya chini, pale bawaba ilipochomelewa. Ngozi ikainuka kama gome la mti, chini yake chuma kimekuwa unga wa kahawia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipodondoshea maji juu ya ile ngozi iliyobanduka, bado yalibingirika vizuri kabisa!

Kopo lilifanya kazi yake, kufukuza matone. Kukinga chuma ni kazi nyingine, na mimi nilikuwa nimezichanganya. Tangu hapo kila nikiona tangazo la tone linalodunda juu ya bati huwa nauliza swali moja tu: kikikwaruzwa, nini kinabaki?

Twende kwenye msingi kidogo, wale wa vitendo mnivumilie. Tone likikaa juu ya kitu, ukingo wake hutengeneza pembe na ule uso. Thomas Young aliliandika hilo mwaka 1805, na mpaka leo ndiyo rula ya kazi hii. Pembe ya mguso ikiwa chini ya nyuzi 90, uso unapenda maji na tone linatandazika. Ikizidi 90, uso unayakataa. Ikivuka 150 na tone likabingirika kwa kuinamisha uso kidogo tu, hapo ndipo wanasema uso unakataa maji kupindukia. Chuma kitupu kilichosafishwa kiko upande wa kwanza kabisa, maji hutandaa juu yake kama shuka. Ukikiona chuma kitupu kinakusanya matone, kina mafuta, na hapo rangi usipake.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kwa kemikali peke yake, juu ya uso laini, huwezi kuvuka takribani nyuzi 120. Uwe na fluorini, uwe na nini, ukuta ni huo. Ukitaka 150 lazima uongeze mikwaruzo midogo midogo, vinundu vya mikromita na nanomita (sehemu ya elfu na ya milioni ya milimita), ili tone likae juu ya ncha na hewa ibaki katikati. Jani la gimbi linafanya hivyo kila asubuhi bila kwenda shule.

Na vinundu hivyo, wakuu, ndivyo vya kwanza kufa. Kitambaa kimoja kikavu, vumbi moja la upepo, basi.

Ulizeni, naendelea jioni.

---

Nimekaa Pale

Nimeshika siti ya mbele. Shusha nondo mzee.

---

Dada Epoksi

Mzee wa Msasa nakuheshimu lakini hapa sijakuelewa. Kama maji hayakai juu, kutu inatoka wapi? Kutu si inahitaji maji?

---

Mzee wa Msasa

Dada, swali zuri, na ndilo lililonipiga mimi.

Kutu haihitaji tone. Inahitaji utando mwembamba wa maji ambao hata macho hayauoni, oksijeni, na chumvi kidogo ya kupitisha umeme. Chuma upande mmoja kinaachia elektroni na kuyeyuka, upande mwingine oksijeni na maji vinazipokea elektroni hizo. Ni betri ndogo iliyojifunga yenyewe. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 60, chuma tayari kina utando wa kutosha kuanza kazi, mvua iwepo isiwepo. Chumvi au vumbi la viwandani likikaa juu, huanza hata mapema zaidi, maana vinavuta unyevu.

Sasa tone ni jengo kubwa la molekuli zilizoshikana, ndiyo maana linakataliwa. Mvuke ni molekuli moja moja. Silikoni ni mfano mzuri: maji yanaikimbia, lakini mvuke unapita ndani yake kama watu wanavyopita sokoni. Kwa hiyo unaweza kuwa na ngozi inayodundisha mvua huku chini chuma kinavuta pumzi yenye unyevu usiku kucha. Nta ngumu haidundishi kwa mbwembwe hizo, lakini mvuke inauzuia vizuri zaidi.

Halafu unene. Tabaka la silani, kemikali ya jamii ya silikoni inayojishika yenyewe, lililojipanga juu ya metali linaweza kuwa na nanomita mbili tu. Unywele wako ni kama mikromita 70, yaani nanomita 70,000. Mfumo wa rangi wa daraja au meli unapita mikromita 200. Linganisha mwenyewe.

---

Kemia wa Zamu

Mzee, nimefurahi kukuta uzi wa aina hii, ila naomba nikupinge kidogo, kwa heshima. Mimi nashinda maabara na haya mambo.

Kwanza niongeze nyama. Tone juu ya uso wenye vinundu lina hali mbili, kila moja ina jina la watafiti walioieleza. Wenzel, 1936: maji yanaingia mpaka ndani ya mabonde, tone linang'ang'ania. Cassie na Baxter, 1944: maji yanakaa juu ya ncha, chini kuna hewa, tone linabingirika. Unaweza ukawa na pembe kubwa na bado tone likaning'inia hata ukigeuza uso chini juu, petali za waridi zinafanya hivyo. Kwa hiyo mtu akikupa namba ya pembe peke yake hajakwambia kitu. Muulize tone linaanza kubingirika kwa mwinamo gani.

Adui mkubwa wa hali ya Cassie hata si mkwaruzo, ni umande. Mvua inatoka juu, inakuta ncha. Umande unazaliwa humo humo ndani ya mabonde, tone linakua kutoka chini na kuifukuza hewa. Majani yanayosifiwa kwa kukataa maji nayo hushindwa hapo, ukiyawekea mvuke unaoganda juu yake yanashika maji. Na vyuma vingi vya nje vinaloweshwa na umande mara nyingi kuliko mvua.

Lakini kusema hii teknolojia ni mbwembwe tupu, hapana. Mwaka 2015 watu wa chuo kikuu cha UCL, London walichanganya chembe za titani dioksaidi zilizovikwa fluorini, wakazibandika kwa gundi, na uso ukaendelea kukataa maji hata baada ya kusuguliwa kwa msasa na kukatwakatwa kwa kisu. Mwaka 2020 kundi la China na Finland likaja na wazo la ngao: unachonga vyumba vya mikromita, mfano wa piramidi zilizogeuzwa, halafu vinundu vya nano unavificha ndani ya vyumba. Kinachosugua kinagonga kuta za vyumba, vinundu vinabaki salama. Mwaka 2015 huo huo Chunlei Guo na mwenzake wa Rochester, Marekani, walichonga metali kwa leza ya mipigo mifupi sana, ikakataa maji bila kupakwa chochote.

---

Mzee wa Msasa

Kemia, karibu sana, hii ndiyo hamu yangu. Ila nisaidie: ile ya Rochester, maji yanakimbia sawa. Chuma chini kimefunikwa na nini?

---

Kemia wa Zamu

Hahaha. Na oksaidi yake mwenyewe na vinundu vyake. Umenikamata. Kama ngao ya kutu huwezi kuitegemea peke yake, ni uso tu.

Lakini kuna mahali ambapo uso ndio kazi yenyewe. Kwenye mabomba ya shaba ya kugandishia mvuke, Schmidt na wenzake walionyesha mwaka 1930 kwamba mvuke ukiganda kwa matone badala ya utando, joto linapita mara kadhaa zaidi. Karibu miaka mia sasa watu wanatafuta mpako wa kudumu wa kuyafanya matone hayo yaanguke. Wazo halijawahi kushindwa. Kinachoshindwa ni kudumu.

Na kuna njia ya tatu inayokwepa hewa kabisa. Mwaka 2011 kundi la Joanna Aizenberg, Harvard, liliiga mmea wa Nepenthes, ule unaotelezesha wadudu ndani ya gudulia lake. Unaloweka uso wenye vitundu kwa mafuta maalumu, maji yanateleza juu ya mafuta. Ukikwaruza, mafuta yanatiririka kuziba. Tatizo lake mnaweza kulikisia: mafuta yanakwisha pole pole.

---

Gari la Jirani

Mimi nimekuja na ya kwangu. Nimewekewa ule mpako wa kauri kwenye gari, nikaambiwa ni 9H, "karibu na almasi". Mvua ikinyesha nasikia raha kweli. Lakini nimeanza kuona madoa meupe ya duara kama chunusi. Nimeibiwa?

---

Mzee wa Msasa

Hujaibiwa, umeambiwa hadithi yenye chumvi.

Ile 9H ni kipimo cha penseli. Wanasukuma penseli ngumu juu ya rangi waone kama itachora. Penseli hata iwe 9H ni grafiti na udongo. Mchanga wa kawaida una kwatsi, ugumu wake 7 kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10. Ni rula mbili tofauti, na mwenye kuzichanganya anajua anachofanya. Kitambaa chenye mchanga kitachora mpako wako kama kinavyochora rangi.

Madoa sasa. Maji yakikusanyika tone badala ya kutandaa, na gari likawa limesimama juani, kila tone linakauka peke yake na kuacha chokaa yake yote sehemu moja. Ndiyo bei ya matone mazuri. Futa gari kabla halijakauka, na kwa yaliyopo tayari jaribu siki iliyozimuliwa, suuza haraka. Chini ya mpako wako kuna rangi ya kiwandani ya tabaka kadhaa na mara nyingi zinki. Hizo ndizo zinazokulindia bodi, huo mpako ni koti la mvua juu ya koti.

---

Fundi Mwaminifu

Na Tefloni je? Hiyo ndiyo mfalme, hakuna kinachonasa. Kwa nini tusivipake vyuma vyote?

---

Kemia wa Zamu

Ukishasema hakuna kinachonasa umeshajibu, fundi. Kama hakuna kinachoinasa, na yenyewe itanasa vipi kwenye chuma? Roy Plunkett wa DuPont aliigundua kwa bahati mwaka 1938, na ilikaa mpaka miaka ya 1950 ndipo mhandisi Mfaransa Marc Grégoire akaweza kuishikiza kwenye aluminiamu na kuzaa kampuni ya vikaango. Siri ni kuukwaruza uso wa metali ili plastiki ishike kwa kung'ang'ania kwenye mabonde. Ikipakwa nyembamba huwa na vitundu, kwa hiyo kwa kutu inahitaji praima, yaani rangi ya kwanza ya kushika chuma, chini yake.

Na tuwe waangalifu na jamii nzima ya fluorini. Kemikali mbili zilizotumika sana kwenye kazi za kukataa maji na madoa, PFOS na PFOA, ziliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza, mwaka 2009 na 2019. Haziozi, zinakaa kwenye maji na kwenye damu. Ukikuta mtu anapulizia kopo la fluorini bila barakoa kwenye chumba kilichofungwa, mtoe nje kwanza, mengine baadaye.

---

Mzee wa Msasa

Jioni imefika, niseme ninavyofanya mimi sasa. Anayetaka kunisahihisha asione haya.

Muda wangu mwingi unaishia kwenye chuma chenyewe kabla sijafungua kopo lolote. Naosha kwanza kwa maji safi na sabuni. Watu wengi wanaruka hapa, wanakimbilia msasa, wanaisugua chumvi na kuizika ndani ya chuma. Chumvi iliyobaki chini ya rangi inavuta maji kupitia rangi yenyewe mpaka yanatokea malengelenge. Ukitoboa lengelenge ukakuta maji, usimlaumu aliyetengeneza rangi.

Nikishaosha na kukausha ndipo nakuja kwenye kutu. Kazi kubwa wanapuliza mchanga mpaka kiwango wanachokiita Sa 2½, chuma cheupe karibu chote. Sisi wa brashi ya waya na msasa hatufiki huko, na tukubali kwamba hatutapata maisha yale yale. Chuma kilichosafishwa kinapakwa siku hiyo hiyo. Ukilala nacho asubuhi utakikuta na wekundu.

Hali ya hewa: chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutokea. Kwa asiye na kipimo, ukipumulia chuma na ukungu wa pumzi yako ukachelewa kuondoka, subiri jua lipande.

Tabaka la kwanza liwe ni la kujitoa mhanga au la kushika. Praima yenye zinki nyingi ni askari. Ukikwaruza mpaka chuma, zinki inaoza badala yake. Ndiyo maana mabati yaliyochovywa kwenye zinki ya moto, takribani nyuzi 450, hayaanzi kutu papo hapo pale ulipokata. Kinyume chake ni kromi au nikeli juu ya chuma. Inang'aa, lakini ikipata tundu moja dogo, chuma ndicho kinachotolewa mhanga, na shambulio lote linaelekezwa kwenye tundu hilo. Linachimba kwenda chini kama mchwa.

Juu ya praima epoksi, ukuta wa kuzuia mvuke. Juu ya epoksi poliyurethani, kwa sababu epoksi jua linaisaga kuwa unga mweupe. Kingo, nati na mishono ya kuchomelea napiga brashi kwanza peke yake, kisha ndiyo napaka yote. Rangi ikiwa mbichi hujikunyata kutoka kwenye ukingo mkali, inabaki nyembamba pale pale chuma kinapogongwa zaidi. Angalieni geti lolote la zamani, kutu imeanzia wapi? Katikati ya bapa? Thubutu.

Baada ya hayo yote ndipo naweka cha kufukuza maji, na mimi napenda nta. Wahifadhi wa makumbusho hupaka nta sanamu za shaba nyeusi zilizo nje, na wanarudia kila mara, kwa sababu nta inajitoa kwa urahisi na kupakwa upya kwa urahisi. Kazi ya kukataa maji ndiyo inayokufa mapema, basi iwe ndiyo rahisi kurudisha. Nisingetaka iwe kitu ambacho kikichoka lazima nibandue ukuta mzima.

Vitu vinavyosogea, bawaba, nati, vifaa vya mkononi, ni hadithi nyingine. Hapo mafuta, grisi au lanolini ya sufu ya kondoo.

---

Gari la Jirani

Mbona hujataja WD-40, lile kopo la kupulizia? Mimi ndiyo dawa yangu ya kila kitu.

---

Mzee wa Msasa

Jina lenyewe linakwambia ilitengenezwa ifanye nini, kuyasukuma maji yaondoke: WD ni "Water Displacement" kwa Kiingereza, na 40 ni jaribio la arobaini. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kukinga ngozi ya kombora la Atlas lisiliwe na kutu. Kwa kuondoa maji kwenye kifaa kilicholoa, safi sana. Ila ile ya kawaida inaacha utando mwembamba, usiiachie chuma kinachoshinda nje misimu yote ukasema umepaka.

---

Dada Epoksi

Sasa mtu atajuaje kitu kinafaa kabla hajapaka geti zima? Maana kila kopo linasema "saa 1000 za chumvi".

---

Kemia wa Zamu

Hizo saa ni za sanduku la ukungu wa chumvi: maji yenye chumvi asilimia 5, nyuzi 35, ukungu hausimami. Linafaa kulinganisha bechi mbili za rangi moja. Usibadilishe saa kuwa miaka, haibadiliki. Zinki kwa mfano inaonekana mbovu ndani ya sanduku kwa sababu haipati nafasi ya kukauka, wakati nje ikiloa na kukauka inajijengea ngozi ya kabonati na inadumu sana.

Ukiwa nyumbani paka vipande viwili vya bati. Vyote viwili kwaruza msalaba mpaka uone chuma. Kimoja weka nje, kingine ndani kama shahidi. Usiangalie matone, angalia kutu imetambaa umbali gani kutoka kwenye mkwaruzo ikaingia chini ya ngozi. Kisha bandika utepe wa gundi juu ya msalaba na uuvute kwa nguvu. Kinachotoka na utepe ndicho jibu lako.

---

Mwana wa Pwani

Shikamoo Mzee wa Msasa. Nina vizuizi vya ngazi, bomba za chuma, viko karibu kabisa na bahari. Nimesafisha, praima ya zinki, epoksi, poliyurethani, kila kitu kama ulivyosema, na sikuusoma uzi huu, niliambiwa na fundi. Mwaka wa pili tu kuna bomba mbili zinatokwa machozi ya kahawia kwenye mshono wa chini. Nje rangi iko nzima, nimepiga utepe haitoki.

---

Mzee wa Msasa

Marahaba. Bomba hizo juu zimezibwa?

---

Mwana wa Pwani

Zimechomelewa vifuniko juu na chini.

---

Mzee wa Msasa

Chukua drili, toboa tundu dogo upande wa chini wa kila bomba, karibu na mshono. Usisimame mbele yake.

---

Mwana wa Pwani

Mzee. Yametoka maji kikombe kizima, rangi ya chai. Bomba la pili zaidi ya hapo. Yaliingia saa ngapi?

---

Mzee wa Msasa

Kwenye mshono wa juu kuna kitundu cha sindano. Mchana bomba linapata joto, hewa ndani inatanuka na kutoka. Jioni linapoa, linavuta hewa yenye unyevu na maji yaliyotuama juu ya kitundu. Kila siku tone.

Usipake kitu kwanza. Tundu la chini liache wazi moja kwa moja, ndiyo njia yake ya kukojoa. Kitundu cha juu kitafute kwa maji ya sabuni: puliza hewa kwa chini, utaona povu. Na bomba zilizobaki toboa zote, hata zisizolia.

---

Mwana wa Pwani

Zipo kumi na nne. Naenda kuazima drili tena.